Jinsi ya kutoa ADN ya kitunguu bila maabara: mwongozo kwa walimu na wanafunzi wa humanite (sekondari), Bukavu

Kila mwaka tukifika kwenye somo la ADN maswali ni yaleyale. "Prof, tunaweza kuiona kweli?" "Prof, shule yetu haina labo, tutafanya nini?" "Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, inaweza kushika nafasi ya alkoli?" Nimeyajibu ubaoni, nimeyajibu njiani nikishuka Kadutu, nimeyajibu kwa simu usiku. Sasa nayaweka yote kwa maandishi, ili mwalimu wa Bagira au mwanafunzi wa Panzi aanze asubuhi na kabla ya saa sita awe ameshika uzi mweupe kwenye njiti.

ADN ni molekuli ndefu kama uzi iliyo ndani ya seli, inayobeba urithi wa kiumbe. Kuhusu jina: sisi Wakongo tunasema ADN kwa sababu tumesomea Kifaransa. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanasema DNA. Ni kitu kimoja.

Lipo jambo la kutangulia, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Si kila kitu cheupe kinachoganda kwenye glasi ni ADN. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili, mbele ya wanafunzi zaidi ya hamsini, nilitumia sabuni ya kipande niliyoikwangua kwa kisu na kuiyeyusha. Mabonge meupe yakaelea, darasa likapiga makofi, nami nikasema: hiyo ndiyo ADN. Binti mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Prof, ni ADN ao ni sabuni?" Nikamjibu haraka kwamba ni ADN. Jioni swali lake likanikaa rohoni. Nikarudia zoezi nyumbani bila kitunguu: sabuni, chumvi, maji na alkoli tu. Mabonge yaleyale. Nilikuwa nimewaonyesha watoto wa watu sabuni. Siku ya somo lililofuata nilimwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, tukaanza upya. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuna glasi ya pili isiyo na kitunguu, na nakuomba usiiache hata saa ikikubana.

VITU VYA KUTAYARISHA

Vyote vinapatikana sokoni na famasi.

- Kitunguu kimoja chenye ukubwa wa ngumi, kigumu, kisichoota wala kuoza.
- Chumvi ya kawaida ya jikoni.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, au shampuu isiyo nzito.
- Alkoli ya famasi ya digrii 90 (yaani asilimia 90) au zaidi, kama mililita 100.
- Kipande cha nanasi bivu. La kisiwa cha Idjwi likiwapo, vizuri sana. La kopo au juisi ya pakiti, hapana. Sababu utaiona mbele.
- Seringi ya mililita 10 bila sindano, kwa kupimia.
- Kijiko cha chai.
- Glasi mbili zinazofanana, kisha vichupa vyembamba vyenye kuta za kuonekana ndani. Chupa ndogo za dawa zilizooshwa zinafaa kabisa.
- Karatasi ya kuchujia kahawa, au kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne.
- Sufuria mbili, na barafu.
- Njiti za ufagio, safi na kavu.

Mashine ya kusagia si lazima. Kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu kinatosha.

Tenga saa moja na nusu. Somo la dakika 50 halitoshi kwa kazi yote. Mimi hufanya hatua ya 1 hadi ya 7 kabla ya wanafunzi kuingia, nikibakiza kitunguu kimoja cha kuwaonyesha jinsi kinavyokatwa na kutwangwa, halafu zilizobaki tunazifanya pamoja.

KWA NINI KITUNGUU, NA SI NDIZI

Kwenye intaneti utaona ndizi na stroberi kila mahali. Stroberi inasifiwa kwa haki, maana kila seli yake ina seti 8 za kromosomu, yaani vifungu ambamo ADN imefungwa, lakini hapa kwetu ni tunda la bei. Ndizi tunayo tele, ila ina shida mbili. Ya kwanza: ADN yake ni fupi. Ndizi nyingi tunazokula zina seti 3 za kromosomu, yaani kromosomu 33, na bado ADN yote ya seli moja ni kama robo tu ya ile iliyo katika seli ya mtu. Ya pili: ndizi imejaa pektini, kile kitu kinachofanya konfitiri (jamu) igande. Pektini nayo huganda kwenye alkoli, ikaelea kama makamasi meupe, na mwanafunzi akaandika daftarini kwamba ameiona ADN.

Kitunguu kina kromosomu 16 tu, na wewe unazo 46. Wengi wakisikia hivyo hudhani kina ADN kidogo. Ni kinyume kabisa. ADN ya seli moja ya kitunguu ni karibu mara 5 ya ile ya seli yako. Ukiweza kuinyoosha ADN ya seli moja ya mtu utapata kama mita 2. Ya kitunguu itapita mita 10. Idadi ya kromosomu haielezi urefu wa ADN, na hilo pekee linastahili kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa, kwa sababu nimeona watu wakilikosea mpaka chuo kikuu.

Pektini kwenye kitunguu ipo pia, ila haisumbui kama ile ya ndizi.

HATUA KWA HATUA

1. Poza alkoli tangu jana yake. Funga chupa vizuri, uiweke kwenye friza. Haitaganda, usiogope. Umeme ukikosekana, nunua barafu kwa mama wanaouza samaki wa friza, uivunjevunje ndani ya ndoo, uimwagie konzi mbili za chumvi, kisha uzamishe chupa humo kwa nusu saa. Chumvi hushusha joto la barafu chini ya sifuri, na hapo alkoli hupoa haraka. Barafu nayo ikikosekana, endelea hivyohivyo: alkoli isiyopozwa hufanya kazi pia, ila nyuzi zitakuwa chache na zitachelewa.

Alkoli inawaka. Isikae karibu na mbabula (jiko la makaa), wala isifunguliwe penye mshumaa. Na ile ya famasi mara nyingi imetiwa sumu makusudi ili isinywewe. Wanafunzi waambiwe waziwazi kabla chupa haijafika mezani.

2. Tengeneza maji ya sabuni. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi (ni kama gramu 3) na vijiko 2 vya sabuni ya maji kwenye glasi. Ongeza maji mpaka mililita 100, yaani seringi 9 zilizojaa. Koroga taratibu. Ukikoroga kwa nguvu utapata povu, na povu litakutesa wakati wa kuchuja.

Tengeneza mara mbili. Glasi ya kwanza iandike A, hiyo ni ya kitunguu. Ya pili iandike B, hiyo haitatiwa kitunguu kamwe. Kila utakachoifanyia A, ifanyie na B: joto lilelile, nanasi lilelile, alkoli ileile.

Sabuni ya kipande usiitumie. Sabuni ya namna hiyo ikikutana na chumvi hujitenga na maji na kufanya mabonge. Ndivyo mafundi wa sabuni wanavyoitenganisha na maji yake viwandani. Hapo ndipo nilipoanguka. Sabuni ya unga ya kufulia inaweza kukubali, ila maji yake huwa na ukungu na utashindwa kuona kinachotokea. Nenda na ya maji, na kama ni isiyo na rangi ni bora zaidi.

3. Kata kitunguu vipande vidogo, vidogo kuliko vya kupikia. Tia vyote kwenye glasi A.

4. Pasha moto kwa dakika 15, kwenye digrii 60 hivi. Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu hawana kipimajoto. Tumia hesabu ya mlima wetu. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji hayachemki kwa digrii 100 bali kwa kama 95. Chukua kipimo kimoja cha maji yanayochemka na kipimo kilekile cha maji ya bomba, uyachanganye kwenye sufuria. Maji ya bomba yana kama digrii 20, basi mchanganyiko utakaa kwenye 57 au 58. Inatosha. Simamisha glasi zote mbili humo, funika sufuria kwa kifuniko na kitambaa kizito, uangalie saa. Wa Goma watumie hesabu hiyohiyo; Lubumbashi iko karibu mita 1,200, tofauti ni ndogo mno kukusumbua.

Usipime kwa kidole. Digrii 60 zinaunguza.

Joto hili lina kazi mbili. Linasaidia sabuni kuvunja utando wa seli, na linalemaza vimeng'enya ambavyo kitunguu chenyewe kinavyo vya kukatakata ADN. Lakini ukipitisha dakika 15, au ukichemsha kabisa kwenye mbabula, ADN nayo inaanza kuharibika. Nimeona mwalimu mwenzangu akichemsha kitunguu kama mchuzi kwa nusu saa halafu akashangaa kukosa kitu.

5. Poza haraka. Toa glasi kwenye maji ya moto, uzitie kwenye sufuria ya pili yenye barafu kwa dakika 5.

6. Twanga. Mimina yaliyomo kwenye glasi A ndani ya kinu, utwange mpaka vipande vilainike, dakika 2 au 3. Ni kuponda, si kupiga. Ukiwa na mashine ya umeme, sekunde 5 tu, usizidishe: visu vyake hukata nyuzi za ADN vipandevipande, na vipande vifupi havizunguki kwenye njiti. Glasi B haina cha kutwangwa. Iache kwenye barafu.

7. Chuja. Weka karatasi ya kahawa kwenye mdomo wa glasi safi, umimine polepole, ukiacha povu libaki juu. Karatasi inaenda pole, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kitambaa kilichokunjwa mara nne kina haraka, ila maji yatatoka na ukungu kidogo. Usikamue! Ukikamua, nyama ya kitunguu itapita na kazi itachafuka. Unachotaka ni maji mepesi yenye rangi ya chai hafifu. ADN imo humo tayari, imeyeyuka, haionekani.

Chuja na B pia, kwa kitambaa kingine.

8. Tia maji ya nanasi. Kamua kipande cha nanasi bivu, kisichopikwa, kwa mkono kupitia kitambaa. Kwa kila mililita 10 za maji ya kitunguu, tia matone 3 ya nanasi, utikise kidogo, usubiri dakika 5. Matone hayohayo yaende na kwenye B.

Ndani ya nanasi kuna kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachokula protini. ADN kwenye kiini haikai peke yake, imezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye kibiringo, na protini zikiliwa uzi hubaki huru. Ukila nanasi nyingi ulimi ukawasha, ni kimeng'enya hichohicho kinaufanyia kazi ulimi wako. Nanasi la kopo limepikwa, na joto limekiua. Ndiyo sababu nimelikataa pale juu. Badala yake unaweza kutumia tone moja la utomvu wa papai bichi lililochanganywa na vijiko 2 vya maji. Kule Beni watu wamegema utomvu huo na kuukausha kwa ajili ya kuuza nje. Papaini iliyomo ni ndugu wa bromelaini.

Daktari Friedrich Miescher alipotoa ADN kwa mara ya kwanza, mwaka 1869 huko Tübingen, Ujerumani, alifanya kwa akili hiyohiyo. Alichukua bendeji zenye usaha kutoka hospitali, maana usaha umejaa seli nyeupe za damu, na protini akaziondoa kwa kimeng'enya alichokipata kwenye tumbo la nguruwe. Hakuwa na mashine kubwa. Wanafunzi wangu hupenda kusikia hivyo, nami hupenda kuwaambia.

9. Mimina alkoli. Hatua hii ndiyo yenye kuhitaji mkono mtulivu, kwa hiyo soma yote kabla ya kugusa chupa.

Weka maji ya kitunguu kwenye kichupa chembamba, kina cha vidole viwili tu. Inamisha kichupa kama unavyoinamisha glasi ukimimina bia. Chukua alkoli baridi kwa seringi, ncha yake iguse ukuta wa kichupa juu kidogo ya maji, usukume polepole sana. Alkoli ni nyepesi kuliko maji, itateleza na kukaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Ongeza mpaka iwe sawa na maji ya kitunguu, au hata mara mbili. Sasa simamisha kichupa. Unapaswa kuona tabaka mbili, na mpaka ulionyooka katikati.

Kisha usikiguse. Usitikise, usikoroge, usikipitishe kwa wenzako. Dakika 3 hadi 5.

Angalia pale kwenye mpaka. Kwanza huona kama moshi mwembamba. Halafu moshi unajikunja, unakuwa utando, na kutoka kwenye utando nyuzi zinaanza kupanda ndani ya alkoli, nyeupe, laini kuliko uzi wa buibui, zikiwa zimeshika vipovu vidogo vya hewa vinavyozivuta juu. Ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya kichupa utaziona vizuri zaidi. Nimelifanya zoezi hili miaka mingi, na bado kila mara kelele za darasa hunyamaza hapo.

10. Zungusha. Ingiza njiti ya ufagio mpaka kwenye mpaka wa tabaka mbili, uizungushe upande mmoja tu, kama unavyozungusha uzi kwenye kijiti. Nyuzi zitajisokota. Inua taratibu. Kile kinachoning'inia kwenye njiti, kinachovutika kama ute, ndicho ulichokitafuta.

Fanya hivyohivyo kwenye B. Njiti ya B inapaswa kutoka tupu.

Darasa likiwa kubwa, glasi A moja hukupa maji ya kutosha makundi 5 hadi 10. Gawa mililita 5 kwa kila kundi, kila kundi limimine alkoli lenyewe. Kundi moja lipewe maji ya B bila kuambiwa. Wakiita, "Prof, sisi hatuoni kitu," waulize darasa zima ni kwa nini, uwaache wabishane kabla ya kufunua.

JE, NI ADN TUPU?

Hapana, na mwambie mwanafunzi hivyo. Kwenye njiti kuna ADN, kuna ARN (RNA, molekuli ndugu ya ADN), kuna mabaki ya protini na pektini kidogo. Njia ya kutofautisha kwa macho: ADN hufanya nyuzi zinazojisokota na kuvutika, pektini hukaa kama jeli, hukatika na kudondoka. Glasi B inakuhakikishia tu kwamba kitu hicho hakikutoka kwenye sabuni, chumvi wala nanasi. Ni hatua kubwa, ila si ushahidi wote.

Wengine hupaka bluu ya methileni ya famasi, uzi ukikamata rangi wanasema imethibitika. Haijathibitika, kwa sababu rangi hiyo hushika pektini pia. Kipimo cha kweli cha shuleni ni difenilamini, ambayo ikipashwa moto pamoja na ADN hutoa rangi ya bluu, lakini huchanganywa na asidi kali. Bila maabara na bila mwalimu aliyeizoea, usiijaribu.

Mimi nina njia nyingine: bandama la mbuzi. Mnyama hana pektini, na bandama limesongamana seli zenye viini. Mwombe muuza nyama kipande cha kidole gumba. Kitwange pamoja na mililita 50 za maji na robo kijiko cha chumvi, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha sabuni ya maji, koroga taratibu. Hapa usipashe moto. Tia nanasi, subiri dakika 10, mimina alkoli kama hatua ya 9. Nyuzi zinatoka nyingi na nene. Watu huniuliza kuhusu ini. Linafaa, ila lina glikojeni, wanga wa mnyama, ambayo nayo huganda kwenye alkoli na kukuchanganya. Damu ya mtu au mate, usitumie darasani. Magonjwa yanayopita katika Kivu yanatosha kuwa sababu.

Na mwanafunzi asiandike kwamba ameona ngazi iliyosokotwa inayochorwa kitabuni kama umbo la ADN. Upana wa molekuli moja ni nanomita 2. Unywele wako unaizidi kwa makumi ya maelfu ya mara. Hata darubini ya shule haiionyeshi. Kinachoonekana kwenye njiti ni mamilioni ya molekuli zilizoshikana.

KAZI YA KILA KITU, KWA AJILI YA MTIHANI

Finalisti wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huniomba sehemu hii, basi naiandika kwa ufupi. Kutwanga huvunja ukuta wa seli. Sabuni huyeyusha mafuta ya utando wa seli na wa kiini. Chumvi hutoa sodiamu yenye chaji chanya, nayo hutuliza chaji hasi ya fosfati za ADN ili molekuli ziache kusukumana na ziweze kushikana. Nanasi hula protini. Alkoli huifanya ADN ishindwe kubaki imeyeyuka, ikaganda.

Wanauliza pia: baada ya hapo, hii ADN inasaidia nini? Kumbuka mlipuko wa ugonjwa wa mpox ulioanzia Kamituga kwenye jimbo letu mwaka 2023. Kirusi cha ugonjwa huo kimebeba ADN. Fundi wa maabara akipokea usaha wa kipele cha mgonjwa, kazi yake ya kwanza inafanana na hii yako: kuvunja ganda, kuondoa protini, kubaki na ADN. Ndipo inaingia kwenye mashine ya PCR, ambayo huinakili kipande kimoja mara nyingi mpaka kionekane. Vifaa vyake ni vingine na usafi wake ni mkali zaidi, lakini hatua unazijua tayari.

KAZI IKIKATAA

Hakuna kitu kabisa kwenye A. Tazama alkoli kwanza. Ya digrii 70 mara nyingi haitoshi, kwa sababu robo yake na zaidi ni maji. Kanyanga ndiyo haifai kabisa: ni dhaifu, na hujui imechanganywa na nini. Kama alkoli ni sawa, basi pengine umechemsha kupita kiasi, au kitunguu kilikuwa kimekaa mno. Anza na kipya.

Mabonge yametokea kwenye A na kwenye B. Tatizo ni sabuni, au umezidisha maji ya nanasi, maana nanasi nalo lina pektini yake. Badilisha sabuni, rudi kwenye matone 3.

Tabaka mbili hazikuonekana, kila kitu kimekuwa maziwa. Ulimimina kwa haraka, alkoli ikachanganyika. Usimwage. Acha kichupa kitulie kwa nusu saa mahali pa baridi. Mara nyingi vinyuzi vidogo hujikusanya juu au chini, ila havitazunguka vizuri kwenye njiti.

Nyuzi zipo lakini zinakatika. Ulitwanga kwa nguvu, au ulitumia mashine muda mrefu, au ulizungusha njiti huku na huku. Upande mmoja tu.

Povu limejaa juu ya maji ya kitunguu. Liache dakika 10, kisha vuta maji ya chini yake kwa seringi. Povu lisiingie kwenye kichupa.

Maji ya kitunguu ni mazito kama uji na hayachujiki. Kitambaa kimeziba. Kibadilishe, chuja kidogokidogo, na kama haitoshi ongeza seringi moja ya maji mapya ya sabuni.

Nataka kuitunza kwa darasa la mwaka ujao. Itumbukize njiti na uzi wake kwenye kichupa chenye alkoli safi, ufunge kwa nguvu, uandike tarehe. Hukaa miezi mingi. Changu cha sasa kiko kwenye dirisha la darasa, na kando yake kuna kichupa cha B chenye alkoli isiyo na kitu, navyo vyote viwili viliandikwa kwa mkono wa yule binti wa benchi la nyuma.